Akiba ya kila mwezi: wapi faida inakatwa kodi na wapi haikatwi

Mama lishe wa Tandika, wilayani Temeke, akimaliza kuosha masufuria jioni hugawa fedha yake mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mtaji wa kesho: mchele, mafuta, mkaa. La pili ni la kijumbe, yule mama anayepita kukusanya fedha ya mchezo. La tatu ni la nyumbani. Fungu la nne, la miaka kumi ijayo, mara nyingi halipo. Likiwapo, linaishia kwenye kibubu au linabaki kwenye simu mpaka mtoto augue au mwenye nyumba agonge mlango.

Makala hii inahusu fungu hilo la nne. Tunaeleza mahali ambapo mtu wa kipato kidogo anaweza kulipeleka mwezi hadi mwezi, na kodi inakata nini kila mahali. Mifano yetu ni ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Tandale na Bunju upande wa Kinondoni, kwa sababu huko ndiko waliko watoto, wadogo na shangazi wa wasikilizaji wetu wengi. Lakini sheria ya kodi ni moja. Anayechangia kwa simu akiwa Mkuranga au Kilosa anakatwa sawasawa na wa Mbagala.

Kodi inaingilia wapi

Fedha unayoweka benki haikatwi kodi kwa kuwekwa. Kinachokatwa ni riba. Benki inapokupa riba kwenye akaunti ya akiba au ya muda maalumu, inazuia asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Hii ndiyo kodi ya zuio. Huendi kuilipa mwenyewe na wala huulizwi. Riba inaingia kwenye akaunti yako ikiwa imeshakatwa. Ndiyo maana wengi hawajui kwamba wanailipa.

Tuifanyie hesabu. Una shilingi 1,000,000 benki na akaunti inalipa riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Riba ni 30,000. Kodi ya zuio ni 3,000. Unabaki na 27,000. Hapo bado hatujatoa makato ya mwezi ya akaunti, kama yapo, na kwa akaunti ndogo makato hayo peke yake yanaweza kumeza riba yote. Na mfumuko wa bei nchini kwa miaka ya karibuni umekuwa unazunguka asilimia 3. Maana yake milioni yako imebaki karibu pale pale: gunia ulilokuwa unaweza kununua mwaka jana, mwaka huu unalinunua kwa shida.

Kwa hiyo tusiitupie kodi lawama zote. Kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, tatizo kubwa ni kwamba riba yenyewe ni ndogo. Kodi inakuja kumega kilichokuwa kidogo tangu mwanzo.

Baadhi ya nchi zina akaunti maalumu ambazo serikali imesema: weka humu, faida yake hatuigusi. Mwenye ndugu Uingereza huenda amemsikia akitaja ISA. Ni akaunti ya aina hiyo, imekuwepo tangu 1999, na kila mwaka ina ukomo wa kiasi cha kuweka. Tanzania haina akaunti yenye jina kama hilo. Lakini faida isiyokatwa kodi ipo, imetawanyika mahali patatu: kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na kwenye michango ya pensheni. Kila mahali pana masharti yake, na pa tatu panamfaa zaidi mwenye mshahara kuliko mwenye genge. Tutaeleza kwa nini.

Hatifungani, kwa ufupi

Hatifungani ni mkopo unaoikopesha Serikali kupitia Benki Kuu. Serikali inakulipa riba mara mbili kwa mwaka na kukurudishia fedha yako muda ukifika, ambao unaweza kuwa hata miaka 20 au 25. Riba ya zile za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Ni kitu kizuri kwa anayepokea mafao ya kustaafu au aliyeuza shamba. Lakini kiwango cha kuanzia ni shilingi milioni 1, na lazima upitie benki au dalali wa dhamana. Kwa anayeweka elfu moja moja, mlango huu ni mrefu kuufikia. Tunausogeza pembeni.

Vipande: kuchangia kidogo kidogo

Kwa fungu la nne la mama lishe wetu, mlango ulio karibu zaidi ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Mkongwe kuliko wote nchini ni Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, ambao leo unasimamiwa na UTT AMIS, kampuni ya Serikali. Wapo pia wasimamizi wengine wenye leseni, kama WHI yenye Mfuko wa Faida, pamoja na kampuni binafsi. Wote wanasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA.

Mfuko unavyofanya kazi si jambo gumu kwa anayejua vikoba. Fedha za watu wengi zinakusanywa pamoja. Meneja wa mfuko anazinunulia hatifungani, anaziweka benki kwa kiwango ambacho wewe peke yako usingepewa, na mifuko mingine inanunua hisa. Mali yote hiyo imegawanywa katika vipande. Ukileta shilingi 20,000 na kipande kimoja leo ni shilingi 500, unapata vipande 40. Bei ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mali ya mfuko ikiongezeka, bei inapanda, ikishuka, inashuka. Ukitaka fedha, unauzia mfuko vipande vyako kwa bei ya siku hiyo.

Sasa kodi. Ongezeko la thamani ya kipande chako, na gawio kama mfuko unatoa gawio, havikatwi kodi mkononi mwako. Ile asilimia 10 inayokutwa benki, hapa mwekezaji hakatwi. Hilo ndilo linaloufanya mfuko wa vipande kuwa ndugu wa karibu wa zile akaunti za wenzetu za nje.

Viwango vyake haviogopeshi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT unaanza na shilingi 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000. Ni mfuko wa anayetaka fedha iwe karibu, maana ukiomba kutoa, malipo hutoka ndani ya siku 3 za kazi na hakuna ada ya kujitoa. Mfuko wa Hatifungani unaanza na 50,000, na nyongeza ni kuanzia 5,000. Mfuko wa Watoto unaanza na 10,000 kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa ajili ya ada ya baadaye. Umoja unakata asilimia 1 unapojitoa. Kumbuka hapo: kodi hakuna, lakini ada inaweza kuwepo, na kila mfuko una ya kwake.

Upo mmoja ambao karibu umetengenezwa kwa ajili ya mada yetu: Wekeza Maisha. Huu ni mpango wa miaka 10. Kiwango cha chini ni kama shilingi milioni 1 kwa muda wote, ambayo ukiigawa kwa miezi 120 inakuwa 8,340 kwa mwezi. Ndani yake kuna bima ya maisha na ya ulemavu wa kudumu, na wanaopokewa ni wenye umri wa miaka 18 hadi 55. Shilingi 8,340 kwa mwezi ni pungufu ya mia tatu kwa siku. Tunataja hesabu hiyo si kwa sababu milioni moja baada ya miaka kumi itakuwa fedha nyingi, bali kwa sababu inaonyesha kwamba kiwango sicho kinachowafungia watu nje.

Hesabu ya elfu moja kwa siku

Tuchukue elfu moja kwa siku, yaani 30,000 kwa mwezi, kwa miaka 10. Mkononi umetoa jumla ya shilingi 3,600,000.

Ukiziweka kwenye akaunti ya akiba yenye riba ya asilimia 3, ikikatwa kodi inabaki 2.7. Baada ya miaka 10 una karibu 4,128,000.

Ukiziweka mahali panapokua kwa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, una karibu 6,145,000. Hiyo asilimia 10 ni ya mfano tu wa hesabu. Hakuna mfuko halali unaokuahidi kiwango cha miaka kumi ijayo, na ukikuta anayeahidi, soma sehemu ya chini ya makala hii.

Mahali hapohapo kama pangekatwa kodi ya asilimia 10 kwenye faida, ungekuwa unakua kwa 9. Ungekuwa na karibu 5,805,000. Tofauti ni kama shilingi 340,000. Hiyo ndiyo thamani ya kutokatwa kodi kwa mchangaji wa elfu moja kwa siku: bati kadhaa za kuezekea, au ada ya muhula. Si kitu cha kudharau.

Lakini angalia hesabu inayofuata. Mchangaji yuleyule, mahali palepale pasipo na kodi, anaruka miezi miwili kila mwaka. Januari ni ada na sare za shule. Mwezi mwingine ni sikukuu, au msiba, au mvua za masika zimefunga barabara ya Chamazi na biashara imelala. Baada ya miaka 10 ana karibu 5,121,000. Amepungukiwa zaidi ya milioni moja. Katika hiyo, 600,000 ni michango ambayo hakuitoa, na hiyo alikula mwenyewe, hajaibiwa. Lakini shilingi 424,000 zilizobaki ni faida ambayo ingezaliwa na michango ile. Kuruka miezi miwili kumemgharimu kuliko ambavyo kodi ingemgharimu.

Wengi wanaoulizia akiba huanza na swali la mfuko gani unalipa zaidi. Ni swali halali. Hesabu inasema swali la pili lina uzito zaidi: nani atakudai mwezi ambao hujisikii kutoa?

Bosi wa bodaboda

Mtazame dereva wa bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu aliyepewa pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, mathalani elfu kumi, mwaka mzima na zaidi, mpaka pikipiki iwe yake. Mvua inyeshe, mafuta yapande, hesabu inakwenda. Muulize kama anaweza kuweka akiba elfu moja kwa siku, atakwambia maisha ni magumu. Hadanganyi. Tofauti ni kwamba hesabu ina bosi ambaye asipoiona siku tatu anakuja kuchukua pikipiki. Akiba haina bosi.

Mchezo unafanikiwa kwa sababu hiyohiyo. Kijumbe anakuja na daftari, na majirani tisa wanaosubiri zamu yao wanakujua kwa jina. Hakuna riba wala kodi, lakini hakuna anayeruka. Kasoro yake ni kwamba mchezo haukui: ukitoa laki tano utapokea laki tano, na kijumbe akihama mtaa usiku hakuna ofisi ya kulalamika.

Kwa hiyo ushauri wetu si kuacha mchezo. Ni kuufunga mchezo na mfuko pamoja. Zamu yako ikifika, kabla fedha haijalala nyumbani, sehemu iliyopangwa tangu mwanzo inakwenda kwenye vipande. Wanavikoba wanaweza kufanya vivyo hivyo Desemba wanapovunja sanduku na kugawana. Tena kikundi chenyewe, kikiwa na katiba na usajili, kinaweza kufungua akaunti ya vipande kwa jina la kikundi, ili fedha ya mfuko wa jamii isikae bure kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Vikundi vinavyotunza fedha kwa simu, kwa mfano kupitia M-Koba iliyoanza 2019, vina faida moja zaidi: kila mwanachama anaona kwenye simu yake nani kaweka na nani bado.

Jambo dogo lakini linauma: ada za miamala. Kupeleka elfu moja kila siku ni miamala 30 kwa mwezi. Kupeleka 30,000 mara moja ni mwamala mmoja. Angalia jedwali la ada la mtandao wako kabla ya kuamua. Kwa wengi inafaa kukusanya kila siku mahali pamoja, kisha kupeleka kila wiki au kila mwisho wa mwezi. Ukishaichagua tarehe, usiihamishe. Tarehe nzuri si mwisho wa mwezi wa kalenda. Ni siku ya pili baada ya fedha kuingia kwako, iwe ni siku ya korosho, ya mnada au ya mshahara.

Na mkulima je? Hana 30,000 ya kila mwezi, ana fedha mara moja au mbili kwa mwaka. Mfuko wa vipande haumfungi. Anaweza kuweka 300,000 wakati wa mavuno na asiweke kitu mpaka msimu mwingine. Atakachopaswa kukifanya kila mwezi ni kutokitoa.

Pensheni: nafuu ya kodi ni ya nani?

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulianzishwa kwa sheria ya 1997 ukichukua nafasi ya ule wa akiba ya wafanyakazi ulioanza 1964. Baada ya mageuzi ya 2018, mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri.

Mfanyakazi wa kiwanda cha Chang'ombe anachangia asilimia 20 ya mshahara: kwa kawaida 10 yake na 10 ya mwajiri. Nafuu yake ya kodi iko hapa: mchango wake unatolewa kabla mshahara haujapigiwa kodi ya PAYE. Tuseme mshahara ni 400,000 kwa mwezi. Mchango wake ni 40,000, unabaki 360,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Zinazobaki 90,000 zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 7,200. Bila mchango, kodi ingepigwa kwenye 130,000, yaani 10,400. Ameokoa 3,200 kwa mwezi, 38,400 kwa mwaka, na juu yake mwajiri ameongeza 40,000 kila mwezi. Hakuna kibubu kinachofanya hivyo.

Nafuu hiyo inapotea kabisa kama mwajiri anakata lakini hapeleki. Hili si jambo la nadra kwa vibarua na wafanyakazi wa viwanda vidogo. Mwajiri anatakiwa awe amepeleka ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara. Usisubiri kuacha kazi ndipo uulize. Omba taarifa ya michango yako angalau kila baada ya miezi mitatu, na karatasi za mishahara zitunze, maana ndizo ushahidi wako.

Kwa waliojiajiri, NSSF ina mpango wa hiari unaoitwa Hifadhi Skimu. Viwango vilivyotangazwa ni shilingi 30,000 na 52,200 kwa mwezi, na unaweza kulipa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Mama lishe, fundi, mvuvi na mkulima wote wanapokewa.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao mawakala wanaupita haraka. Kwa mfanyabiashara mdogo, mchango wa pensheni haupunguzi kodi yake. Sababu ni kwamba mfanyabiashara mdogo kodi yake inakadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7 bila kutunza kumbukumbu, kodi ni 100,000 kwa mwaka. Awe amechangia NSSF laki tatu na sitini au asiwe amechangia hata senti, kodi ni ileile. Kwa hiyo muuza genge anayejiunga asijiunge kwa hoja ya kodi. Ajiunge kwa hoja ya pensheni, ambayo ni hoja tofauti na ina nguvu yake.

Nguvu hiyo ina sharti zito. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, na umri wa miaka 60, au 55 kwa anayechagua kustaafu mapema. Mtu wa miaka 40 anayeanza leo bila kuruka atafikia sharti hilo akiwa na 55. Wa miaka 50 akianza leo atafikia akiwa na 65. Kila mwezi unaorukwa unasogeza mstari mbele. Ukiwa dirishani, waulize mambo mawili na wakuandikie: nikiishia mwezi wa 100, nalipwa nini? Na mchango wangu wa msimu unahesabiwa kuwa miezi mingapi?

Jirani zetu wamepita njia hii. Kenya ilianza mpango wa Mbao mwaka 2011 kwa mafundi wa jua kali, shilingi 20 za Kenya kwa siku; mbao ni jina la mtaani la kiasi hicho. Waliojiandikisha walikuwa wengi, na walioendelea kuchangia walikuwa wachache zaidi. Rwanda, kwenye mpango wake wa EjoHeza, iliamua Serikali iwaongezee wachangaji wa kipato cha chini kiasi fulani juu ya mchango wao. Ni njia ya kumpa bosi wa bodaboda sura ya kirafiki.

Wanaoahidi mavuno

Tuliahidi kurudi hapa. Wazee wa Kinondoni hawajasahau DECI. Makao yake yalikuwa Mabibo, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya Kinondoni kabla wilaya ya Ubungo haijazaliwa. Watu walialikwa kupanda mbegu, yaani kuweka fedha, kisha wavune nyingi zaidi baada ya miezi michache. Wa kwanza walivuna kweli, kwa fedha za waliokuja baada yao. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na viongozi wake wakashtakiwa katika Mahakama ya Kisutu. Maelfu walibaki na stakabadhi mikononi, wakiwemo watu wa mikoani waliokuwa wamesafiri na akiba ya mavuno kwenye mabegi.

Siku hizi mbegu inapandwa kwa simu, kwenye makundi ya WhatsApp, na jina hubadilika kila mwaka. Alama zake hazibadiliki. Faida inatajwa kwa siku au kwa wiki. Unalipwa kwa kuleta watu. Fedha inatumwa kwenye namba ya mtu binafsi. Mfuko halali hautaki fedha yako iingie kwenye simu ya wakala. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo mtaani inaitwa kontroo namba, na unapolipa, linatokea jina la taasisi. Likitokea jina la mtu, futa mwamala.

Upande wa pili wa mtego ni mikopo ya kausha damu. Mtu ana vipande vya laki nne lakini anakopa laki moja mtaani kwa sababu kutoa vipande ni siku kadhaa na kausha damu ni dakika kumi. Riba ya mwezi mmoja ya mkopo ule inaweza kula sehemu kubwa ya faida ya mwaka mzima ya akiba. Kama unadaiwa marejesho ya aina hiyo leo, fungu la nne lipeleke kwenye deni kwanza. Akiba itaanza deni likiisha. Na ukianza, acha kiasi kidogo cha dharura mahali pa kutoka haraka, ili mtoto akiugua usiku usivunje kilichokusudiwa kwa miaka kumi.

Kwa wasiotaka riba

Wasikilizaji wetu Waislamu huuliza, na wana haki ya kujibiwa waziwazi. Mifuko mingi ya vipande tuliyoitaja inawekeza kwenye hatifungani na amana za benki, na mapato yake yanatokana na riba. Kukaa ndani ya mfuko hakubadilishi asili ya fedha. Anayeepuka riba aulizie akaunti na mifuko inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi hiyo tangu 2011, na benki kadhaa kubwa zina madirisha ya namna hiyo. Uliza kila moja faida inakokotolewaje na inakatwa nini, na jibu lake lilinganishe na hesabu ya hapo juu.

Kabla ya kulipa mchango wa kwanza

Utahitaji namba ya NIDA na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la mjomba. Kama majina kwenye kitambulisho na kwenye laini hayafanani, rekebisha sasa, kwa sababu yatakusumbua siku ya kutoa na si siku ya kuweka. Namba za menyu ya simu chukua ofisini au kwenye tangazo rasmi la taasisi, usizichukue kwenye ujumbe uliotumiwa na mtu. Viwango vya kodi tulivyovitaja huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika kila tarehe 1 Julai. Sikiliza bajeti inayosomwa Juni.

Jambo la mwisho ni jina la mrithi. Fomu ina nafasi yake na watu wengi huiacha wazi au huandika jina la mama ambaye sasa ni marehemu. Mchangaji akifariki bila jina pale, familia hulazimika kufungua mirathi mahakamani kwa ajili ya laki chache, na wengine huziacha hukohuko kwa kushindwa nauli ya kwenda na kurudi. Andika jina, mwambie uliyemwandika kwamba umemwandika, na namba ya uanachama iandikwe kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu peke yake. Simu ikiibiwa kwenye daladala, daftari litakuwepo.